Mtu wa Nne

“Bi Riziki alikuwa mgeni wangu! Umemnyakua mlangoni kwangu kwa harufu ya pilau!”

“Kwani nilimvuta mkono?” Mwanajuma alinijibu, mikono kiunoni, korido nzima ikisikia. “Mgeni ana pua, shoga, na pua yake imechagua.”

Siku nyingine ningecheka. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne, na kibao cha mlango wangu kilionyesha watu watatu: mimi, binti yangu Saumu, na mume wangu Shekue, anayepumua kwa mashine ya oksijeni. Programu ya umeme ya jengo letu huhesabu watu saa sita kamili. Nyumba yenye watu chini ya wanne huiita stoo, na stoo haipewi umeme hadi kesho yake. Ndiyo maana siku hizi tunagombea wageni.

“Basi nirudishie,” nilisema. “Bila mashine, Shekue haioni jioni.”

“Nikurudishie nini? Ameshapanda ghorofa ya nane. Kasikia kuna biriani.”

Nikatazama kibao chake. Watatu. Na friza yake imejaa nyama ya harusi ya mwanawe. Macho yake yalihama kutoka usoni kwangu hadi kwenye kibao changu, kisha uso ukamlainika ghafla. Akanikamata kifundo cha mkono, kwa nguvu.

“Tunagombana nini sisi, Mishi, majirani wa miaka kumi?” alisema, akinivuta kuelekea mlangoni kwake. “Karibu ndani, mpenzi, uje ule.”