Mfupa Katika Paja la Kahigi

Auleria alibana pumzi, akazamisha vidole katika paja la mumewe.

Samli aliyomkandia jana ilikuwa imechacha juu ya ngozi, inanuka. Chini yake kulikuwa na ule uvimbe, mgumu, wenye kona, kama gunzi lililoshonewa ndani ya nyama. Kila alipougusa aligeuza uso pembeni. Hata hivyo aliusaga kwa maji ya moto na kwa uzito wake wote, mpaka Kahigi akauma shuka.

Wiki tano zilikuwa zimepita tangu pikipiki iliyobeba mikungu ya ndizi imwangukie Kahigi kwenye mteremko wa Ihanda. Hakuvunjika. Paja lilivimba tu, likawa jeusi, likabonyea kama parachichi lililooza. Kisha likaanza kuwa gumu.

Nyirabageni, mama yake Kahigi, alichungulia mlangoni.

"Auleria mwanangu, uache huo mguu upumzike. Unamuumiza."

"Kwani hutaki apone, mama?"

Kikongwe akageuka, akaondoka mlangoni, na Auleria akapata jibu lake. Siku ile ya ajali huyuhuyu alitafuna majani, akayatema juu ya paja la mwanawe. Auleria bado aliyaona yale mate ya kijani yakichuruzika hadi gotini. Alikuwa na hakika uchawi uliingilia humo. Tangu hapo hakuweza kula chochote kilichopikwa na mkono ule.

Jioni hiyo alimfungashia mkwewe nguo zake, akamwitia bodaboda arudi kwao Chonyonyo. Bakuli la chakula la kikongwe akalishika kwa ncha za vidole, akalitupa chooni. Ndani, Kahigi alilia kama mtoto. Hakuweza kuinuka kumzuia.

Wiki iliyofuata goti likakataa kukunjika. Wakaenda hospitali.

Daktari Joviana aliinua picha ya eksirei dirishani. Kando ya mfupa wa paja, katikati ya nyama, palikuwa na mfupa mwingine, mweupe, umekaa kama mgeni asiyealikwa. Auleria alisisimkwa mwili mzima, lakini moyoni alishangilia.

"Si nilisema? Katupiwa! Mama yake kamtupia mfupa!"

"Hakuna aliyemtupia, mama. Umeota humuhumu mwilini mwake." Daktari alimgeukia. "Baada ya ajali, kuna mtu aliyekuwa akimkanda?"

"Mimi, daktari." Auleria alikaa wima. "Asubuhi na jioni, kwa nguvu zangu zote. Kinyaa kilinishika, nikatapika mara mbili, lakini sikuruka hata siku moja."

Joviana aliishusha picha polepole.

"Nyama iliyopondeka ikisagwa hivyo kila siku, huweza kugeuka mfupa," alisema. "Huu umeuotesha wewe, mama."