Kipa Aliyepangwa Beki

Siku hizo kila nyumba ilipanga kikosi kimoja cha wachezaji wa zamani. Waliopangwa walicheza kwenye kuta za sebule zilizowashwa kama televisheni, wakiwa vijana tena. Ambaye hakupangwa na nyumba yoyote alifutwa: picha zake, mechi zake, hata sauti yake. Watu walishazoea.

Nasra wa Morogoro kila msimu alimpanga golini marehemu baba yake, Kibwana Lukindo, na kila msimu timu yao ilishika mkia. Safari hii kazi ya kupanga ilimwangukia mumewe, Shaweji, naye alitaka kipa wa maana.

"Baba alifungwa mengi, najua," Nasra alimwambia. "Lakini hana mwingine ila sisi."

"Niachie mimi, Mama Rehani."

Usajili ulipofungwa, Nasra aliwasha ukuta. Golini alisimama mtu mwingine. Akanyoosha mkono auzime ukuta.

"Hebu mtazame beki wa kushoto," Shaweji akasema.

Alikuwa Kibwana, soksi zimeshuka kama kawaida yake. Nasra alicheka, akalia, akamkumbatia mumewe. Baba amepona mwaka mwingine mzima.

Mechi ikaanza, na Kibwana akakimbia vizuri kuliko walivyotarajia. Ila kila mpira uliposimama, aligeuka kulitazama goli, kisha akaitazama mikono yake mitupu, kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Nasra akasogea karibu na ukuta, akaweka kiganja chake juu ya mikono ile.