Mganga Korongo na Muuguzi Wake

Maradhi yalikuwako, na wanyama walikuwako. Korongo, mganga hodari wa kuchomoa miiba, alizoea kumkemea muuguzi wake: "Wee Digidigi, kazi yako kufuta vidonda tu!"

Siku moja homa ikamlaza Digidigi. Korongo akaachiwa wagonjwa peke yake. Alipojaribu kumgeuza Nyumbu aliyevunjika mbavu, Nyumbu akapiga yowe. "Usiniguse! Namtaka Digidigi."

Korongo akamwendea Digidigi kitandani, mabawa yamemlegea. "Nyumbu amenikataa. Wewe humgeuzaje?"

"Kwanza humsalimu," Digidigi akajibu kwa shida.

Korongo akainama kwa aibu. Kisha akaikunja miguu yake mirefu, akaketi. "Umeamkaje, mwenzangu?"

Digidigi akalia, kwani miaka yote ya kazi yao Korongo hakuwahi kumjulia hali.