Bakuli la Hollister

Rodney Hollister aliingia kwenye karamu ya mahasimu wake akiwa na bakuli lake mwenyewe. Ndivyo mwaliko ulivyotaka: kila mgeni aje na bakuli na kijiko.

"Wanataka nusu ya British Columbia, na sahani hawana," alimnong'oneza mkewe, kwa sauti iliyofika meza ya pili.

Mwaka mzima mfugaji huyo wa Kanada alikuwa akizunguka mikutanoni na redioni akiuponda mkataba wa kuwarudishia wenyeji ardhi yao. Shamba lake halikuguswa hata kidogo. Alichong'ang'ania ni Kijito cha Dubu, ambacho wala si chake. Alikiwekea geti tu, na tangu hapo Mama Verna Azak, mzee wa wenyeji hao, hakuweza kwenda kukausha samaki pale alipokaushia bibi yake. Kamati ya mipaka ilimtaka mama huyo alete shahidi asiyefaidika hata chembe na mkataba, la sivyo kijito kibaki nje ya mkataba. Na katika bonde lile, nani asiyefaidika?

"Alete mmoja tu," Hollister alipenda kusema. "Hao wenzake siwahesabu. Wataapa hata mwezi ni wao."

Karamuni ukoo wa Mama Verna haukula, ulipakulia wageni tu. Kisha yeye akasimama, akakitaja kijito kona kwa kona, kutoka chanzo hadi mtoni, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hollister alinyamaza. Maneno yake aliyaweka kwa ajili ya kesho, mbele ya waandishi wa habari. Alikunywa supu ya samaki, akaomba nyingine, akagawiwa machungwa, sukari na taulo, akabeba vyote.

"Wehu hawa," alicheka garini. "Nawatukana, wananipa na taulo."

Kesho yake ukumbi wa kamati ulifurika. Hollister alipanda jukwaani, akajifunga taulo lile kichwani, akaanza kuiga sauti ya Mama Verna.

"Kijito changu kinaanzia Jiwe la Mjane, kinapita Mierezi Miwili, kinazunguka Maji Yanayorudi..."

Hakuruka hata kona moja. Akili hakujaliwa, lakini kumbukumbu alikuwa nayo. Rafiki zake walicheka hadi wakashika mbavu.

Mwenyekiti wa kamati hakucheka. Alikuwa akiandika.

"Haya uliyasikia wapi, bwana?"

"Kwenye karamu yake, jana. Nilikaa mbele kabisa."

"Alipouliza, ulipinga?"

"Nipinge nini? Nilikuwa nakula."

"Na zawadi ulipokea?"

Hollister alijipigapiga taulo kichwani, akitabasamu.

Kule nyuma ya ukumbi, wazee wa bonde walianza kusimama mmoja mmoja, wakivua kofia: kwa mila yao, mgeni aliyekula karamuni, asipinge, akapokea zawadi, ni shahidi. Mama Verna alifuta macho, akamgeukia binti yake.

"Mpelekee chungwa," alisema. "Shahidi wetu amekauka koo."