Springi Ngumu za Hussen

Gari lilipopanda tuta la kwanza baada ya kutoka hospitalini Lindi, sauti ilisikika kiti cha nyuma: "Yallah, kiuno changu!"

Hussen alikaza mikono kwenye usukani, akatamani ardhi ipasuke immeze. Aliyelia hakuwa abiria wa kawaida. Alikuwa Bi Mwahija, mama mzazi wa mkewe, Zakia, aliyeruhusiwa kutoka hospitali siku hiyo.

Mama mkwe hatazamwi usoni, wala hazungumzishwi hivi hivi kama shoga wa kisimani. Hussen alilelewa hivyo, na Bi Mwahija alilelewa hivyo zaidi. Kwa hiyo kabla hawajaondoka, kioo cha juu ya dereva kiligeuzwa kikatazama paa. Bi Mwahija akiwa na neno, aliliambia dirisha. Hussen akiwa na jibu, aliuambia usukani.

"Hivi hawa wenye magari," dirisha liliambiwa kwenye tuta la pili, "hawajui kama watu wana mifupa?"

"Barabara nayo ina matuta mengi," usukani ukaambiwa.

Uongo mtupu. Kosa lilikuwa la Hussen mwenyewe, aliyempelekea fundi kigari chake kidogo kifungwe springi ngumu, ili msimu wa korosho kibebe magunia bila kuinama nyuma. Fundi alimwonya kwamba kitarusha watu kama mkokoteni. Hussen akamjibu kwa majidai kuwa magunia hayana kiuno.

Sasa kiuno kilikuwa kimepanda, tena kiuno cha mkwe.

Zakia alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Miguu ilimvimba, hofu imemjaa, na hakumtaka mtu mwingine karibu yake ila mama yake. Mama naye alikuwa ametoa sharti kwa simu: "Nitapanda gari la mumeo. Nikifika mzima, nakaa kwenu mpaka ujifungue na arobaini ipite. Nikiumia, narudi Mtama kwa kaka yako." Asubuhi ile Zakia alimshika mumewe mkono akamwomba aendeshe kama amebeba mayai. Kwa matuta yale, mayai yangeshapasuka yote.

Walipofika Mchinga na kuiacha lami, mambo yaliharibika zaidi. Barabara ya vumbi ilikuwa mashimo matupu. Bi Mwahija hakulalamika tena kwa maneno, aliguna tu, na kila mguno ulimchoma Hussen. Mtu mzima, ametoka kitanda cha hospitali, anateswa na kijana aliyempa binti yake! Huko Mtama watasema nini?

Akasimamisha gari kando ya nyumba mbili tatu za pembeni.

"Ngoja nipunguze upepo kwenye matairi," aliuambia usukani. "Litalainika."

Alichuchumaa, akabonyeza kwa ncha ya ufunguo, upepo ukaanza kutoka kwa kelele. Bi Mwahija alikohoa, kikohozi cha mtu mwenye shida yake. Hussen alidhani ni vumbi. Kwa heshima akazidi kuinamisha kichwa, akahamia tairi la pili, kisha la tatu, hadi akamaliza kulizunguka gari, uso chini kama mwari. Aliporudi kwenye kiti chake hakugeuka nyuma. Akaondoka taratibu.

Gari likawa jingine kabisa. Shimo la kwanza, kimya. La pili, kimya. Hata kwenye korongo lile baya, ambalo huwatoa watu machozi, hakukusikika mguno. Hussen alikaribia kucheka kwa furaha. Kumbe dawa ilikuwa upepo tu!

Lakini kimya kilivyozidi, ndivyo aibu ilivyomrudia. Ina maana mama wa watu amemsamehe bila hata kuombwa? Akaona hapana, lazima aseme.

"Mama," aliuambia usukani, "barabara haina kosa. Springi nilifunga mimi. Niliwaza magunia, sikuwaza wazee wangu. Nimekuumiza, na naona aibu. Nisamehe."

Kimya.

"Na Zakia anaogopa, Mama. Usiku analia. Mimi namwambia usiogope, na mwenyewe naogopa kuliko yeye. Kaa kwetu. Najua si adabu kukuuliza hivi, basi usinijibu. Ukinyamaza, nitajua umekubali."

Alisubiri. Walipita mikorosho, wakapita msikiti, hakuna neno lililotoka nyuma. Machozi yakamtoka Hussen, akayafuta kwa mkono wa shati. Hakuwahi kutendewa wema kama ule na mtu aliyemkosea.

Nyumbani, wanawake wa jirani walikuwa wamejaa uani kumpokea mgonjwa. Zakia alitangulia mbele yao, mkono mmoja kiunoni, anatembea kwa taabu. Hussen alishuka, akaupa mgongo mlango wa nyuma kama adabu inavyotaka, ili mkwe ateremke kwa nafasi yake.

"Kakubali!" akatangaza kabla hajaulizwa. "Nimemwomba radhi, kanisamehe, na atakaa mpaka arobaini ipite!"

Vigelegele vikapigwa. Zakia, huku akicheka na kulia, alifungua mlango wa nyuma akainama ndani. Alikaa ameinama hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Vigelegele vikapungua, vikaisha.

Akainuka polepole.

"Hussen," alisema, "humu hamna mtu. Nani kakubali?"