Mkwe Yuko Darajani

Fimbo ilikuwa imechomekwa tena kando ya daraja, na juu yake kofia ya kijivu. Tusekile alisimama papo hapo, beseni la ndizi kichwani na mtoto mgongoni, akageuza uso kabla macho yake hayajamfikia mwenye kofia.

Mzee Hezroni, baba wa mume wake, alikohoa mara moja. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, na jina lake mwanamke halitamki. Mkwe akiwa njiani, mwanamke ndiye anayepisha. Wakristo wengi walikwisha kuulegeza mwiko huo, lakini nyumba ya Mzee Hezroni haikuwa nyumba ya kulegeza mambo.

Tusekile akarudi nyuma. Njia iliyobaki ilikuwa ile ya kuzunguka majaruba ya mpunga, ndefu ya kumchosha punda, ndipo mtu afike sokoni.

Ingekuwa siku moja, angesema ni bahati mbaya. Lakini mzee alianza kukaa pale wiki ileile Tusekile aliporudi kutoka hospitali na mtoto, na tangu hapo mpunga ulikuwa umepandwa na kuvunwa. Asubuhi yuko darajani. Alasiri amehamia kwenye benchi la duka la Shabani, mahali ambapo Tusekile alizoea kushushia maandazi kwa soda. Enzi hizo kila kitu kilikuwa ruksa. Sukari haikupangiwa foleni tena, na watu walikuwa wanajilipa kwa miaka yote ya chai kavu. Yeye tu ndiye aliyepitia mbali, kwa hamu na hasira.

"Baba amezeeka, anapunga upepo," alisema Amon, mumewe. "Mwache."

"Kwake hakuna upepo?"

Amon alicheka. Huyo kila kitu kwake kilikuwa mzaha. Hata maneno ya muuguzi Naomi aliyafanya mzaha, akayasimulia barazani kwa kila aliyekuja kumwona mtoto: eti sukari iliyompanda mkewe katika ujauzito imeshuka baada ya kujifungua, lakini ikirudi itarudi kukaa, eti apunguze wali na vitu vitamu, na kila siku atembee. Mke wa mkulima atembee tu, kama mwendawazimu, haendi popote. Tusekile mwenyewe alicheka siku ile mpaka mshono ukamuuma, kisha akajipakulia wali mwingine.

Sasa hakucheka. Magauni yalikuwa yanampwaya, na miaka ile kukonda kulikuwa na tafsiri yake. Wanawake sokoni walinyamaza alipopita. Shamsa, mke wa Shabani mwenye duka, ndiye pekee aliyemvuta kando.

"Wanasema una ugonjwa ule," alimwambia. "Mimi siamini. Kikulacho ki nguoni mwako, mwenzangu. Mama mkwe wako alikufaje?"

Tusekile alijua. Hakumkuta hai, ila habari zake alizikuta. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyezaa watoto wakubwa wa kushangaza wakunga. Kisha akaanza kukauka. Alikuwa akimaliza mtungi mzima wa maji na kiu haimwachi. Mwishowe kidonda kidogo cha mguuni kilikataa kupona, kikapanda, kikamzika. Kijiji kilisema mzee ni mchawi, anafuga chatu tumboni, na chatu huyo huanza na wa nyumbani.

"Alimkausha mkewe," alisema Shamsa taratibu. "Sasa ni zamu yako. Hukuona alivyokuandama? Rudi kwenu Talatala ungali na miguu ya kukufikisha."

Hofu ilimshika Tusekile, hofu halisi. Alirudi nyumbani akafunga nguo zake na za mtoto katika kanga moja. Amon alikuwa safarini kununua kakao, angeondoka bila kumuaga. Lakini alitaka kwanza kujua amebakiwa na nini mwilini. Kesho yake akaenda hospitali, mtoto mgongoni na furushi la nguo mkononi, na hata siku hiyo fimbo ilikuwa darajani, hata siku hiyo akazunguka.

"Ugonile, mama," muuguzi Naomi alimwamkia, akamchoma kidole. Akadondosha damu kwenye kijikaratasi, akakingoja kibadilike rangi, akakitazama dirishani kwa muda mrefu. Tusekile alilibana lile furushi kifuani.

"Nimeliwa kiasi gani, sista? Niambie ukweli."

"Umeliwa na nani? Sukari yako iko sawa kabisa, na unene uliokuwa unanitia wasiwasi umepungua. Akina mama wangapi nimewaambia watembee, wakanicheka. Wewe umesikia. Hongera."

"Sikusikia chochote." Machozi yalimtoka Tusekile bila kuombwa. "Ni baba mkwe. Tangu nilipotoka hapa ananiziba njia. Darajani yeye, dukani yeye. Nazunguka majaruba kila siku ya Mungu, maandazi nayaona kwa mbali. Amemmaliza mkewe, sasa ananimaliza mimi. Leo narudi kwetu."

Naomi aliacha kufuta meza.

"Mkweo ni Mzee Hezroni?"

Jina hilo Tusekile asingelitamka. Aliinamisha kichwa tu, kukubali.

"Alikuja hapa wiki ile uliyotoka, akaniuliza kama mkewe naye angeepuka sukari kwa kutembea. Nikamwambia huenda. Alikaa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia, akalia, halafu akaniuliza kama njia ya majaruba inatosha au akutafutie ndefu zaidi."