Picha za Maduka ya Brekke

Bibi Verna aliinamia picha hadi pua ikagusa fremu.

"Huyu ni Oskar kinyozi," alisema. "Mlevi. Alimkata mchungaji sikio, akamwambia, 'Usijali, unalo jingine.'"

Ukumbi wa zimamoto ukalipuka kwa kicheko. Ardis Brandvold aliandika kwenye kadi: Oskar, kinyozi. Habari za sikio akaziacha.

Mji wa Brekke, Dakota Kaskazini, ulikuwa unatimiza miaka mia moja. Miezi miwili kabla, Ardis alikuta kwenye stoo ya marehemu mpiga picha vioo arobaini, vile vya kuchapia picha enzi hizo, vyenye picha za maduka ya zamani, vimefunikwa vumbi. Akavituma kwenye studio mjini Fargo visafishwe na kuchapwa. Boksi lilifika asubuhi ileile ya sherehe, akatundika picha mbiombio bila hata kunywa kahawa.

Mwenye umri wa kuwajua watu wale alibaki mmoja tu, Bibi Verna, miaka tisini na mbili, miwani minene kama vitako vya chupa. Lakini yeye akishataja, kila mtu anakumbuka.

"Duka la mikate! Marehemu mama alikuwa akinituma hapo!"

"Na hilo jibwa lilikuwa linauma, jamani!"

"Mbona kuna kilima nyuma ya bucha?" aliuliza mwalimu wa shule. Brekke ni tambarare kama meza.

"Walikichimba wakajengea reli," alijibu Bibi Verna. "Nyie watu wa vitabu mnajua nini?"

Mwalimu akahamia picha nyingine.

Ardis hakuwa na nafasi ya vilima. Alikuwa anaangalia mlangoni. Baba yake, Palmer Tollefson, alikuwa ameingia, na hatua chache nyuma ya Palmer akaja baba mkwe wa Ardis, Gerhard Brandvold. Wazee hao hawakuwa wamesalimiana kwa miaka kumi na tisa, tangu harusi ya Ardis, Palmer aliposimama kutoa hotuba akasema fahali wa Gerhard ana akili kumzidi Gerhard. Tangu hapo Ardis alipika Krismasi mbili kila mwaka. Watoto wake walikatiwa keki mbili kila siku ya kuzaliwa, nao hawakulalamika. Aliyechoka ni yeye.

"Palmer! Gerhard!" Bibi Verna aliita. "Njooni muwaone baba zenu, wale wahuni!"

Pichani, mbele ya karakana ya mhunzi, vijana wawili walikuwa wamekumbatiana mabegani, wanacheka, wameshika chupa moja kwa pamoja.

Palmer aliitazama picha ile kwa muda mrefu. "Ni baba kabisa. Masikio yale!"

"Na huyu ni wangu," Gerhard alisema. "Hakuwahi kuniambia walikuwa marafiki."

"Labda alikwambia, hukuelewa," alisema Palmer.

Gerhard alimgeukia Palmer polepole, uso umemwiva.

"Fahali yule alikuwa na akili kweli," alisema. "Lakini aliyezidiwa akili ni wewe, Palmer."

Palmer alicheka mpaka akatoa leso. Alipomaliza kufuta macho alinyoosha mkono, na Gerhard, badala ya kuushika, akamvuta kifuani. Watu wakapiga makofi. Bibi Verna akauliza kama kuna aliyekufa.

Ardis alikuwa bado analia kwa furaha simu ilipoita kwenye ofisi ndogo ya pembeni.

"Dada, naomba radhi sana," ilisema sauti ya mwanamke wa studio. "Tumechanganya maboksi. Picha ulizonazo ni za mji mmoja huko Montana. Za kwenu bado ziko hapa mezani kwangu."

Kupitia mlango, Ardis aliwaona wazee wawili wameketi bega kwa bega, wanapanga nani ataleta bata mzinga wa Krismasi.

"Umekosea namba, dada," alisema, akakata simu.